Vita Vilivyokwama: Miezi 33 Mbele ya Ngome ya Mombasa

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

MWALIMU: Kiongozi wa darasa, kabla hatujaanza, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne kwa herufi kubwa: NGOME. BURUJI. HANDAKI. KUZINGIRA. Tutayasoma moja moja kila litakapotokea katika somo.

Leo sikuja peke yangu. Ninaye hapa mzee mmoja aliyeendesha majahazi miaka mingi katika bahari yetu. Nimemwomba aje kwa sababu somo la leo lina upepo ndani yake, na upepo mimi naujua kwa kusoma tu. Shikamoo, nahodha.

NAHODHA: Marahaba, mwalimu. Hamjambo, wanafunzi.

MWALIMU: Sasa sikilizeni. Darasa moja limetuletea barua, imeandikwa kwa mkono mzuri, na yauliza hivi: “Mwalimu, umetufundisha ya kwamba Waarabu wa Omani waliizingira ngome ya Wareno pale Mombasa toka mwaka 1696 mpaka mwaka 1698. Waliokuwa ndani walikuwa wachache na waliokuwa nje walikuwa wengi. Mbona hawakuingia siku ile ile ya kwanza? Je, walikuwa wavivu, au walikuwa waoga?”

Swali hili ni jema, na jibu lake si fupi. Nitaanza kwa kusema ya kwamba watu wale hawakuwa wavivu wala hawakuwa waoga. Watu waliovuka bahari kutoka Maskati ili kupigana na mizinga hawaitwi waoga. Vita vyao vilikwama. Na katika zamani zile, yaani kati ya mwaka 1500 na mwaka 1700 na kitu, vita vilikwama namna hiyo mahali pengi duniani, si Mombasa tu. Basi tutazame kwa nini.

Soma neno la kwanza ubaoni. NGOME. Ngome ni boma kubwa la mawe la kukingia adui. Zamani za kale ngome nzuri ilikuwa ngome ndefu. Ukuta ukienda juu sana, adui hawezi kuupanda kwa ngazi. Ndiyo sababu miji mingi ya Ulaya na ya Asia ilijengewa kuta ndefu zenye minara ya mviringo. Kisha ikaja baruti. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Waturuki aliupiga mji wa Constantinople kwa mizinga mikubwa, na kuta zile zilizokuwa zimesimama miaka elfu zikavunjika. Mji ukaanguka baada ya siku 53. Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Nane, aliingia Italia na mizinga ya shaba inayokokotwa na farasi. Ngome ambazo watu walidhani zitakaa miezi zikaanguka kwa siku chache. Maana ukuta mrefu mwembamba ni shabaha nzuri kwa mzinga. Ukiupiga chini, wote waanguka, na mawe yake yajaza shimo lililo mbele, yakawa daraja la adui.

Kwa muda basi, aliyekuwa na mizinga ndiye aliyeshinda. Lakini muda huo haukuwa mrefu. Mafundi wa Italia, kwa kuwa wao ndio walioumia kwanza, walikaa wakafikiri, wakagundua namna mpya ya kujenga. Na ninyi leo mtaigundua wenyewe kwa chaki.

Kiongozi wa darasa, chora sakafuni mraba mkubwa. Katika kila pembe ya mraba chora duara. Hiyo ndiyo ngome ya kale, na maduara ni minara yake. Sasa mtu mmoja asimame nje, agusane na duara moja, upande ule unaotazama mbali na ngome. Wengine wasimame ndani ya maduara yale mengine. Je, mwamwona adui yenu vizuri? Hamwezi. Mnara wenyewe wamficha. Pale chini ya mnara ndipo adui alipopapenda. Hapo huweza kuchimba, huweza kutega baruti, na risasi za walinzi hazimfikii.

Sasa futa maduara yote manne. Badala yake chora katika kila pembe umbo kama ncha ya mkuki, likitokeza nje. Soma neno la pili. BURUJI. Umbo hili ndilo nitakaloliita buruji. Mwambie yule adui asimame tena karibu ya ncha, popote apendapo. Walinzi walio katika buruji ya jirani wamwona, maana ubavu wa ncha umenyooka, haumfichi mtu. Kila buruji yaitazama nyingine na kumlinda mwenzake. Aliye kwenye ukuta wa katikati naye apigwa kutoka pande mbili. Hakuna tena mahali pa kujificha.

Tena ukuta wenyewe ulibadilika. Haukuwa mrefu na mwembamba, bali mfupi na mnene, umejazwa udongo au mawe ndani, na nusu yake imekaa ndani ya shimo refu lililochimbwa kuzunguka ngome. Risasi ya mzinga ikiingia katika udongo hufa humo. Basi mzinga, ambao jana ulikuwa bwana wa vita, leo ukawa kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo.

NAHODHA: Samahani, mwalimu. Mizinga ya walio ndani nayo je?

MWALIMU: Hapo ndipo penyewe, nahodha. Mizinga ya walio ndani iliendelea kufanya kazi vizuri sana, kwa sababu aliye nje hana ukuta wa kumkinga. Ndiyo sababu ya neno letu la tatu. HANDAKI. Handaki ni shimo refu kama mtaro, ambalo askari huingia ndani yake ili risasi zimpite juu. Mwenye kutaka kuikaribia ngome mpya ilimpasa ajichimbie njia chini ya ardhi, na si njia iliyonyooka, maana iliyonyooka hupigwa urefu wake wote. Alichimba kwenda mshazari, kulia, kisha kushoto, kama mtu apandaye mlima mkali. Kazi ya siku nzima yaweza kumsogeza hatua chache tu. Askari wa zamani zile walichimba zaidi kuliko walivyopigana, na wengi hawakupenda, walisema hiyo ni kazi ya mkulima.

Sasa soma neno la nne. KUZINGIRA. Wazee wa pwani husema pia kuhusuru. Kumzingira mtu ni kumzunguka pande zote asitoke wala asipate chakula. Na huko ndiko vita vilikohamia. Badala ya majeshi mawili kukutana uwandani asubuhi na kuishiwa na ugomvi jioni, jeshi moja lilijifungia ndani ya ngome, na la pili likakaa nje likichimba.

Hapa niseme neno juu ya mstari wa mbele, maana wengi wetu tukisikia habari za vita twafikiri mstari mmoja mrefu, huku sisi, kule adui. Mstari wa namna hiyo ulikuwako Ulaya mwaka 1914, mahandaki yakatoka pwani ya bahari ya kaskazini mpaka nchi ya Uswisi. Lakini katika miaka ya 1500 na 1600 hapakuwa na watu wa kutosha kuujaza mstari kama huo. Bunduki ya zamani zile ilikuwa haina shabaha ya kutegemewa kupita hatua mia moja. Jeshi la watu 20,000 lilikuwa jeshi kubwa. Basi mfalme hakuweza kuilinda nchi yake yote. Alilinda vivuko, bandari na njia panda, akaweka ngome pale. Mstari wa mbele ulikuwa kama shanga katika uzi, shanga ni ngome na uzi ni mto au barabara. Katikati ya shanga watu walilima, walioa, walilipa kodi kwa huyu asubuhi na kwa yule jioni, wakaibiwa na wote wawili.

Kwa nini basi adui asizipite ngome, akaenda zake mbele? Tufanye hesabu. Shikeni kalamu. Askari mmoja apewa mkate ratili 1½ kwa siku. Jeshi lina watu 20,000. Ni ratili ngapi kwa siku moja? Nawapa nafasi kidogo.

Ni ratili 30,000. Sasa tuseme mchukuzi mmoja achukua ratili 60. Wahitajiwa wachukuzi 500, kila siku ya Mungu, kuleta mkate peke yake, bila ya baruti, bila ya majani ya farasi. Njia hiyo ya wachukuzi na magari ndiyo roho ya jeshi. Ukiiacha ngome ya adui nyuma yako, watu wake watatoka usiku na kuikata njia hiyo. Kwa hiyo huwezi kuipita. Huna budi kukaa na kuizingira. Na ukiizingira, unakaa mahali pamoja, chakula cha vijiji vya jirani chamalizika, maji yachafuka, maradhi yaingia kambini. Hapo unashindana na walio ndani nani atakayekufa njaa kwanza.

Mfano wa Ulaya nitautaja mmoja tu. Waholanzi walianza kumwasi mfalme wa Hispania mwaka 1568, na amani ya mwisho haikupatikana mpaka mwaka 1648. Ni miaka 80. Katika vita hivyo Wahispania waliuzingira mji wa Ostend, ulio kando ya bahari, toka Julai 1601 mpaka Septemba 1604. Miaka mitatu na zaidi! Nchi kavu ilikuwa yao, lakini bahari haikuwa yao, na merikebu za Waholanzi na Waingereza ziliendelea kuleta watu na vyakula bandarini. Makumi ya maelfu walikufa. Mwisho Wahispania waliupata mji, na ulikuwa vifusi vitupu. Na huku wanajishughulisha na Ostend, Waholanzi walikwenda wakaitwaa bandari ya Sluis iliyo karibu, mwaka ule ule wa 1604. Baada ya damu yote ile, mmoja kapata bandari na mwenzake kapata bandari. Mwaka 1609 walikubaliana kupumzika miaka 12. Mimi nikiisoma habari hii kila mara huona aibu kwa niaba yao.

Lakini mfalme aliyeanza vita vile na Waholanzi, Philip wa Pili wa Hispania, tangu mwaka 1580 alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia. Na katika enzi yake, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga ngome yao pale Mombasa. Waliogopa Waturuki, ambao manowari zao zilikuwa zimekwisha kuja pwani yetu mara mbili. Fundi aliyeichora ngome alikuwa Mwitalia, jina lake Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milan, aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa Wareno katika Bara Hindi. Kwa hiyo elimu ile ya buruji, iliyotoka Italia na kuwakwamisha watu Ulaya, ilisafiri mpaka Mvita. Ngome ina buruji nne. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na shimo lililo upande wa nchi kavu limechongwa ndani ya mwamba huo huo. Aliye Mombasa na aende akaitazame. Ni makumbusho tangu mwaka 1960, na tangu mwaka 2011 imo katika hesabu ya mahali pa urithi wa dunia.

Sasa twende kwenye vita vyenyewe. Waomani walikuwa wamewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Watu wa Mombasa, kwa kuchoshwa na Wareno, walipeleka wajumbe huko kuomba msaada. Tarehe 13 Machi 1696, katika enzi ya Imamu Seif bin Sultan, merikebu za Omani zilionekana mbele ya Mombasa. Zikateremsha askari, wakaushika mji na kisiwa. Wareno waliingia ndani ya ngome wakafunga mlango.

Ndani mlikuwa na nani? Hapa watu wengi hukosea. Askari wa Kireno hawakufika mia. Waliobaki, mamia kwa mamia, walikuwa watu wetu wa pwani pamoja na wake zao na watoto wao, wale waliokuwa upande wa Wareno kwa sababu zao, kama vile watu wa Faza. Na nje, pamoja na Waomani, walikuwako watu wa pwani vilevile, kama watu wa Pate. Faza na Pate ni miji ya kisiwa kimoja. Basi ukisema ni vita vya Mwarabu na Mreno, hujakosea, lakini hujasema yote. Ukuta ule ulikuwa na Waswahili pande zote mbili.

Haya, tazameni jinsi vilivyokwama. Waomani hawakuwa na mizinga mizito ya kutosha kuuvunja ukuta mnene kama ule. Kuchimba handaki katika mwamba wa matumbawe si sawa na kuchimba udongo laini wa Uholanzi. Kuupanda ukuta kwa ngazi mchana ni kufa, maana buruji zatazamana. Kwa hiyo aliye nje hawezi kuingia. Na aliye ndani? Watu wasiofika mia wenye bunduki hawawezi kutoka na kuwafukuza maelfu. Kwa hiyo aliye ndani hawezi kutoka. Kila mmoja alikuwa na nguvu za kumzuia mwenzake, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumwondoa.

NAHODHA: Ni kama jahazi lililopanda fungu, mwalimu. Ukitukana, halishuki. Ukisukuma, watu wachoka bure. Wangoja maji yajae.

MWALIMU: Ahsante sana, nahodha, na maji ya kujaa hapa yalikuwa ni msaada wa kutoka baharini. Hebu tuelezee sasa habari ya pepo. Wareno wa Mombasa wakitaka msaada walipeleka habari Goa, katika Bara Hindi. Waomani walileta watu kutoka Maskati. Safari hizo zaendaje?

NAHODHA: Zaenda kwa ruhusa ya Mungu na ya upepo. Kaskazi yaanza kuvuma mwezi wa Desemba, au mwisho wa Novemba, mpaka Machi. Hiyo ndiyo iletayo majahazi huku kwetu, ya Maskati, ya Bara Hindi, yote. Kisha yaja kusi, toka Aprili au Mei mpaka Septemba. Hiyo ndiyo irudishayo. Mwenye kutoka hapa aenda kwa kusi. Mwenye kuja hapa aja kwa kaskazi. Katikati ya kusi bahari huchafuka sana, mabandari ya Bara Hindi hufungwa. Wakati huo nahodha mwenye akili hukaa nyumbani akashona tanga.

MWALIMU: Basi tuseme mimi niko ndani ya ngome, adui amefika tarehe 13 Machi, kaskazi yakaribia kwisha. Napeleka habari Goa. Msaada utafika lini?

NAHODHA: Habari yako itakwenda na kusi. Msaada hauwezi kutoka huko mpaka kaskazi ianze. Usiutazamie kabla ya Desemba.

MWALIMU: Nimefurahi kwa jibu hili, kwa sababu sikumwambia nahodha tarehe. Merikebu za Wareno zilizoleta msaada zilifika Mombasa siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1696. Zaidi ya miezi tisa! Na jambo lililo kubwa ni hili, ya kwamba upepo uliowaleta Wareno kutoka Goa ndio uliowaleta Waomani kutoka Maskati. Hakuna aliyeweza kumtangulia mwenziwe. Kila mmoja akipata nguvu mpya, na mwenziwe apata katika msimu ule ule. Fundi wa Italia aliufunga mlango wa nchi kavu, na kaskazi ikaufunga mlango wa bahari.

Miezi ile tisa ilikuwa mibaya. Kapteni wa ngome, João Rodrigues Leão, alikufa kwa maradhi mwezi wa Oktoba 1696. Chakula kilikuja kwa mitumbwi na mashua usiku, chini ya ukuta wa upande wa bahari, ikiwa waendeshaji hawakuonekana. Malkia Fatuma wa Unguja alijaribu kupeleka vyakula, na baada ya vita alilipia jambo hilo, Waomani wakamchukua wakampeleka Maskati.

Ule msaada wa Desemba ulileta askari na vyakula. Lakini mkuu wa merikebu hakutaka kuzihatarisha, akazitoa bandarini, akaelekea kusini. Na mwanzoni mwa mwaka 1697 ukaingia ndani ya ngome ugonjwa mbaya wa kuambukiza. Fikirini watu wengi wamefungiwa mahali pamoja, maji ni ya kupimiwa, chakula ni kidogo, na mlango haufunguki. Ukuta ule ule uliowazuia adui uliwashika wao na ugonjwa wao. Walikufa mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Mwisho wa Agosti 1697 alikufa na kapteni wa pili, António Mogo de Mello. Hapo hapakubaki Mreno wa kuamuru.

Sasa msikilize sana, maana sehemu hii wengi hawaijui. Ngome haikuanguka. Ilishikwa na mwana wa mfalme wa Faza, jina lake Bwana Daud. Habari zilizoandikwa zasema alikuwa na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika 50. Fanyeni hesabu. 17 na 8 na 50 ni watu 75, na yeye mwenyewe ni 76. Katika kila watu watatu, wawili walikuwa wanawake. Hao ndio waliosimama juu ya kuta zile, na nje maelfu. Majina ya wale wanawake hayakuandikwa popote. Walishika ngome mpaka mwezi wa Septemba, Wareno waliporudi.

NAHODHA: Septemba? Walitoka wapi kwa upepo huo? Si Goa.

MWALIMU: Kweli, hawakutoka Goa. Walitoka Msumbiji.

NAHODHA: Haya, hapo sawa. Kutoka Msumbiji waja na kusi mgongoni.

MWALIMU: Walikuja na manowari kubwa, Santo António de Tanna, iliyoundwa Bara Hindi. Wengi walidhani sasa mkwamo utakwisha. Lakini merikebu mbele ya ngome iliyozingirwa ni kama ngamia mlangoni, kila mtu amwona. Mizinga ya Waomani iliipata. Tarehe 20 Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Ilikaa chini ya maji miaka 280, mpaka wapiga mbizi wataalamu walipoichunguza toka mwaka 1977 mpaka 1980. Vitu vyake vingi vimo katika makumbusho ya ngome. Ukivitazama, vikombe, mitungi, vitu vya chuma, utaona jinsi vita vikubwa vinavyokuwa vimetengenezwa kwa vyombo vya kila siku.

Mwaka 1698 wote ulipita vivyo hivyo. Msaada ulikuja, watu wakafa, wengine wakaletwa, nao wakafa. Sitausimulia mwezi kwa mwezi, maana miezi ilifanana, na kufanana huko ndiko maana ya kukwama.

Vilikwishaje? Havikwisha kwa mzinga wala kwa baruti. Buruji zilikuwa bado zimesimama, zatazamana kama Cairati alivyotaka. Lakini buruji bila ya watu ni jiwe. Mwezi wa Desemba 1698 waliobaki ndani, pamoja na kapteni wa mwisho, Leandro Barbosa Soutomaior, hawakufika 20. Habari hiyo ikawafikia walio nje. Waomani wakaleta ngazi, wakapanda ukuta usiku, jambo lile lile ambalo mwandishi wetu wa barua aliuliza kwa nini hawakulifanya siku ya kwanza. Siku ya kwanza juu ya ukuta palikuwa na watu. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikawa yao. Toka 13 Machi 1696 mpaka 13 Desemba 1698 ni miezi 33 kamili. Hesabuni wenyewe darasani.

NAHODHA: Desemba, mwalimu. Kaskazi ilikuwa imekwisha kuanza. Msaada ulikuwa njiani.

MWALIMU: Ulikuwa njiani, nahodha. Siku chache tu baada ya ngome kuanguka, merikebu za Wareno zilifika kutoka Bara Hindi. Walio ndani yake walitazama juu ya ukuta wakaona bendera ya Omani. Hawakutia nanga, wakageuza matanga.

Kwa somo la juma lijalo, kila darasa lifanye kazi mbili. Ya kwanza, chora ngome ya buruji nne katika madaftari yenu, na utie alama mahali ambapo adui angepigwa kutoka pande mbili. Ya pili, andikeni sentensi tano kujibu swali hili: kama ungekuwa mkuu wa merikebu zile za Krismasi ya mwaka 1696, ungebaki bandarini au ungeondoka, na kwa sababu gani? Majibu yaletwe kwa anwani yetu ya siku zote. Wareno walirudi Mombasa mwaka 1728, wakakaa kidogo, wakatolewa mwaka 1729, na habari hiyo ndiyo tutakayoisoma tukikutana tena.